Tusidharau Dona na Mbaazi, Tusifiche Damu Chooni

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza habari ya haja kubwa. Najua kwamba gazeti hili husomwa mezani, na katika nyumba nyingi husomwa kwa sauti na mtoto wa shule ili babu na bibi nao wasikie. Basi kama mnakula, malizeni kwanza. Lakini msiuruke ukurasa, kwa maana aibu hii ya kutotaja choo ndiyo iliyomficha shemeji yangu ugonjwa wake mpaka ukamshinda kila mtu. Habari zake nitazieleza mbele. Kwanza nataka tuelewane juu ya utumbo wenyewe, na juu ya waganga watafiti waliojitolea kuuchunguza, wengine wakianzia papa hapa Afrika Mashariki.

Katika semina za afya tumezoea kufundishwa kwamba kijidudu ni adui. Tunatajiwa kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo, na tunaambiwa tuchemshe maji na kunawa mikono. Ni kweli na tuendelee hivyo. Lakini katika utumbo mpana wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria ambao hesabu yao ni matrilioni, na wengi wao ni wapangaji wanaolipa kodi. Sisi wanadamu hatuna uwezo wa kumeng'enya nyuzinyuzi zilizomo katika pumba za mahindi, ganda la mbaazi au majani ya kunde. Wao wanao. Nyuzinyuzi hizo zikifika utumbo mpana huzichachua, kama togwa inavyochachuka mtungini, na katika kuchachua huko hutoa asidi nyepesi iitwayo butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha chembe hai zinazotandika utumbo mpana kwa ndani. Huzilisha, hutuliza uvimbe, na huzuia zile zinazotaka kugawanyika ovyo.

Wako pia wapangaji wa namna nyingine. Mtu akila mafuta mengi, ini humwaga nyongo nyingi ya kuyayeyusha. Sehemu ya nyongo hiyo huponyoka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria fulani huigeuza kuwa asidi inayochubua utando. Utando uliochubuliwa hujishona upya. Ukichubuliwa na kujishona kila siku kwa miaka 20 au 30, ipo siku kosa litaingia katika ushonaji, na chembe hai moja itasahau kuacha kugawanyika. Hiyo ndiyo kansa. Kwa hiyo swali si kama tuna bakteria tumboni, bali tunawalisha nini.

Aliyefungua mlango wa maswali haya alikuwa mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 akafanya kazi Lira na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa na jicho moja tu, lingine alilipoteza utotoni. Wengi wanamkumbuka kwa uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake. Mwaka 1961, yeye na waganga wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha maili 10,000, kutoka Uganda kupitia Kenya na Tanganyika mpaka Afrika Kusini, wakiulizia uvimbe huo katika hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misheni. Aliporudi Uingereza hakukata uzi huo. Aliendelea kuandikia hospitali za misheni akiuliza: mwezi huu mmeona wagonjwa wangapi wa ugonjwa huu na huu? Majibu yakamshangaza. Kansa ya utumbo mpana, iliyojaa katika wodi za Uingereza, katika hospitali za vijijini Afrika ilikuwa haionekani.

Burkitt akafanya jambo ambalo mganga mwingine angeona haya kulifanya: akapima choo kwa mizani. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo. Wanakijiji wa Uganda walikuwa wakitoa kiasi cha gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa saa 36 hivi. Vijana wa shule ya bweni Uingereza walitoa gramu 110, na chakula chao kilichukua saa 76. Siku tatu nzima! Burkitt akasema tofauti ni nyuzinyuzi, akazunguka dunia akihubiri pumba mpaka alipofariki mwaka 1993. Wenzake wengine walimcheka kidogo.

Hapa msomaji wa Nachingwea aniruhusu nitoke nje ya njia. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kwetu na matrekta wakang'oa misitu ili walime karanga, kwa sababu nchi yao ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Wakajenga reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Hazijapita miaka mingi, mganga wao aliyeishi kwa jirani zetu Uganda akawaambia kwamba wanakula mafuta mengi mno na pumba chache mno, wakaige mlo wa mwanakijiji wa Afrika. Wazee wetu waliokuwa vibarua wa mashamba yale, waliokuwa wakila ugali wa mtama na kunde mchana kutwa juani, hakuna aliyewapelekea habari hiyo.

Burkitt hakuwa na chombo cha kuwatazama bakteria wenyewe. Kazi hiyo ilifanywa baadaye, na mtu ambaye mimi namheshimu kuliko wote katika jambo hili ni Stephen O'Keefe, bingwa wa magonjwa ya tumbo wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Yeye alijua kwamba Wamarekani weusi wanaugua kansa ya utumbo mpana kwa kiasi cha watu 65 katika kila 100,000, na kwamba ndugu zao wa vijijini Afrika Kusini hawafiki 5. Asili yao ni Afrika wote. Basi akawachukua watu 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal, wote wa umri wa miaka 50 hadi 65, akawapima utumbo kwa kamera, kisha akawabadilishia vyakula kwa wiki 2. Wamarekani wakapikiwa chakula cha Kiafrika chenye nyuzinyuzi gramu 55 kwa siku badala ya 14 walizozoea. Waafrika wakapikiwa nyama na vyakula vya kukaanga vya Kimarekani, nyuzinyuzi zao zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kabla ya kubadilishana, karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na vijinyama katika utumbo, ambavyo ndivyo vinavyoweza kugeuka kansa. Waafrika hawakukutwa hata kimoja. Baada ya wiki 2 tu, butireti ya Wamarekani ilipanda mara mbili na nusu, ile nyongo chubuzi ikapungua kwa asilimia 70, na utando wa utumbo ukatulia. Waafrika nao wakageuka kinyume chake: butireti ikashuka kwa nusu, nyongo chubuzi ikapanda, uvimbe ukaanza. Wiki 2! Sherehe za Noeli na Mwaka Mpya katika baadhi ya nyumba zetu huchukua muda kama huo.

Na sasa yako ya nyumbani kabisa. Mwezi Aprili 2025 Godfrey Temba na wenzake wa Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walichapisha utafiti wao juu ya wanaume 77 wenye afya kutoka mjini na vijijini mkoani Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili wakapewa vya kizungu kwa wiki 2, waliozoea vya kizungu wakapewa vya asili, na kundi la tatu likanywa mbege kwa wiki moja. Damu zao zikasema yale yale: chakula cha kizungu kiliamsha uvimbe mwilini na kudhoofisha kinga, chakula cha asili kilituliza, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki 4 baadaye. Utafiti huu haukuwa wa kansa, lakini uvimbe usiokwisha ni udongo ambao kansa hupenda kuota. Kuhusu mbege, asiniseme mtu kwamba mwandishi ameruhusu uraka na nipa. Pombe yenyewe imo katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa ya utumbo mpana. Chukueni togwa.

Sasa tujiangalie sisi wa bonde la Mbwemkuru. Fedha za korosho na ufuta zikiingia, jambo la kwanza nyumba nyingi hufanya ni kuacha dona. Mahindi yanakobolewa mpaka yanang'aa, pumba zinamwagiwa kuku, na sisi tunakula wanga mtupu kwa sababu sembe nyeupe ni dalili ya maendeleo. Kwa hesabu hiyo kuku wetu wanakula vizuri kuliko sisi. Ming'oko inayochimbwa porini wakati wa kiangazi, watoto wa siku hizi wanaiita chakula cha njaa. Mgeni akija tunaona haya kumwandalia mbaazi. Mwaka 2017 India ilipopunguza mbaazi inazonunua na bei ikaanguka, niliwasikia wakulima wakilalamika kwamba mbaazi zimewaozea ghalani, na jioni ile ile mtoto anatumwa dukani kununua soseji. Soseji na nyama nyingine za viwandani, Shirika la Afya Duniani kupitia wataalamu wake wa kansa lilizitangaza mwaka 2015 kuwa zinaleta kansa ya utumbo mpana.

Msinielewe vibaya. Sisemi turudi kwenye umaskini. Mtoto anahitaji yai, samaki, maziwa na nyama kidogo, na utapiamlo bado ni adui mkubwa wa wilaya zetu. Ninalolipinga ni kuacha kilicho bora kwa sababu tu kinatukumbusha shida. Kamati za chakula za Kipaimara na Komunyo ya Kwanza zingeweza kuanza: pamoja na pilau, kiwepo chungu cha mbaazi za nazi na sinia la majani ya kunde. Akina mama wenye mashine jirani waombe unga usiokobolewa, na kama watoto wanakataa, wachanganye nusu kwa nusu. Ugali uliopoa na kulala nao si wa kudharauliwa. Wanga ukipoa, sehemu yake hugeuka kuwa namna ambayo tumbo haliwezi kuisaga, ikafika kwa bakteria kama zawadi.

Lakini mwandishi wa ukurasa wa afya akieleza upande mmoja tu anakuwa mchuuzi. Mwaka 2000 utafiti miwili mikubwa ya Marekani ilitoka, mmoja wa watu zaidi ya 2,000 walioongezewa mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, mwingine wa watu zaidi ya 1,400 waliopewa pumba za ngano. Wote walikuwa wamewahi kuondolewa vijinyama utumboni. Baada ya miaka kama 3 au 4, vijinyama vilirudi sawasawa na kwa wenzao wasiobadilisha. Waliomcheka Burkitt wakacheka tena. Miaka 3 baadaye ukatoka utafiti wa Ulaya wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10, nao ukaonyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanaugua kansa hii kidogo zaidi. Mimi naona miaka 4 ya pumba haiwezi kufuta miaka 50 ya mkate mweupe, ila huo ni uamuzi wangu, na wataalamu bado wanabishana. Tena kuna bakteria ambao habari zao zinatisha bila kujali mlo. Yupo mmoja anayeishi kinywani, Fusobakteria, aliyegunduliwa ndani ya uvimbe wa kansa ya utumbo, na mwaka 2024 watafiti wa Seattle walipopima uvimbe wa wagonjwa 200 walikuta ukoo mmoja wake katika nusu ya hao. Na Burkitt naye alisahau kidogo kwamba wengi wa wanakijiji wake walikufa kabla ya kufikia umri wa kansa, au walikufa nyumbani bila kupimwa na mtu.

Na sasa shemeji yangu. Alikuwa mkulima wa Ruangwa. Alikula dona maisha yake yote, mbaazi zake mwenyewe, mboga za shambani kwake, hakunywa pombe, na soseji sidhani kama aliwahi kuionja. Alianza kuona damu katika choo akiwa na miaka 53. Akamwambia mkewe kwamba tumbo limevurugika. Akaenda mahali pa matibabu, akaeleza kwa mafumbo, akaambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Hakuna aliyemlaza kitandani akampima. Damu ikaendelea. Akanunua dawa ya unga mnadani, kwa mtu mwenye kipaza sauti anayesafisha matumbo ya watu wote kwa shilingi elfu tano. Akaanza kukonda, choo kikawa chembamba kama kamba, akawa anachoka kupanda mlima mdogo wa kwenda kisimani. Miezi 14 ilipita hivyo.

Mimi nimefanya kazi ya utabibu miaka 31. Pasaka ile tulikula meza moja. Nilimwona amekonda, macho yamekuwa meupe, nikamtania kwamba anafunga Kwaresima kupita kiasi. Sikumwuliza swali hata moja, kwa sababu ni shemeji, na shemeji haulizwi habari za choo. Siku alipofikishwa hospitali kubwa utumbo ulikuwa umeziba, na walipompasua walikuta kansa imekwisha fika katika ini. Uvimbe ulikuwa karibu sana na njia ya haja. Mganga aliyempasua aliniambia kwamba ungeweza kuguswa kwa ncha ya kidole.

Ndiyo maana sipendi watu wanaouza mlo kama hirizi. Chakula kizuri hupunguza hatari, hakiifuti, na anayekula dona akiona damu ana haki ya kupimwa sawa na anayekula chipsi. Kumbukumbu za wagonjwa wa Muhimbili na Ocean Road za mwaka 2005 hadi 2015 zilipohesabiwa zilionyesha kansa hii ikiongezeka nchini kwetu, na wengi wanafika ikiwa imekomaa. Katika Afrika huwapata pia watu wa miaka 40 na chini ya hapo, kwa hiyo umri mdogo usimpumbaze mtu. Ikigunduliwa mapema, ikiwa bado ndani ya utando, kuipasua humponya mgonjwa mara nyingi.

Bawasiri zipo, na damu nyingi tunayoiona ni ya bawasiri au ya minyoo na kuhara damu. Lakini hakuna anayeweza kujua hivyo kwa kusikiliza tu. Damu iliyodumu zaidi ya wiki 2 au 3, choo kilichobadilika tabia bila kurudi, kukonda bila sababu, maumivu ya tumbo yanayokwenda na kurudi, au upungufu wa damu kwa mwanamume mzima na kwa mama aliyekwisha koma hedhi: hayo yote yanadai kupimwa. Mama huyo na mwanamume huyo wasipewe vidonge vya kuongeza damu pasipo mtu kuuliza damu imekwenda wapi. Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme wala mashine. Ni kidole kilichovaa glovu, na kinawezekana hata zahanati. Baada yake kipo kipimo cha kutafuta damu iliyojificha katika choo, na katika hospitali kubwa kipo kile cha kamera. Waanzieni zahanati, ombeni rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Nyangao au Ndanda, na kutoka huko watawaelekeza.

Wake wa nyumbani, ninyi ndio mnaofua. Mkiona damu katika nguo ya mzee, msingoje aseme. Na wenye ndugu waliokufa kwa kansa ya utumbo mtajeni ndugu huyo mbele ya mganga, maana ugonjwa huu huweza kutembea katika ukoo. Nimewaambia hivyo watoto wa shemeji, wote watano, na wawili wamekwisha kwenda.

Ukifika kwa mganga usiseme, "Tumbo linanisumbua." Sema, "Natoa damu katika choo tangu mwezi fulani, naomba nipimwe kwa kidole." Akitaka kukuandikia dawa ya bawasiri bila kukulaza, mwombe kwa heshima aandike katika daftari lako kwamba hakuona haja ya kukupima. Mara nyingi kalamu ikifika hapo, glovu huonekana.